Paneli Kumi na Mbili za Mama

Kati ya Waafrika tunaojuana hapa Fairfield, mimi ndiye ninayetumwa kununua. Gari, godoro, na mara moja jeneza. Muuzaji akitaja bei nacheka kwanza, halafu nahesabu, halafu nahesabu tena.

Majira ya baridi ya mwaka juzi, mjane mmoja wa Burundi tunayesali naye, sote tunamwita Mama, aliniomba kitu kimoja: maji ya moto asubuhi. Ana baridi yabisi. Vidole vyake havikunjuki mpaka avitumbukize kwenye maji ya moto, na vidole hivyo ndivyo vinavyomlisha, maana anashona.

Jirani yake ana mirija ya kioo juu ya paa. Jua linapasha maji moja kwa moja.

"Nataka ile," aliniambia.

Lakini mimi nilikuwa nimeshapatana na fundi wa Smithfield: nyumba mbili zikifunga paneli za umeme wa jua siku moja, kumi na mbili kila nyumba, anashusha bei. Nyumba ya kwanza ilikuwa yangu. Nilihitaji ya pili.

"Mirija ina kazi moja tu, Mama. Paneli haziogopi baridi. Zinatoa umeme, na umeme utapasha maji na kuendesha cherehani."

"Wewe ndiye unayejua, mwanangu."

Tukazifunga. Katika niliyomwambia hakuna uongo. Ndiyo maana inaniuma. Uongo ningeutubu Jumapili moja yakaisha. Ila sikuuliza tangi lake la maji ya moto linapasha saa ngapi. Kumbe linatumia umeme wa usiku wa bei nafuu, wenye mita yake ya pekee. Mchana umeme wa paneli ulikwenda zake kwenye nyaya za mtaa. Usiku tangi likanunua mwingine. Mama alipoona bili ya maji ya moto iko palepale, alilizima tangi.

Sikujua, mpaka Julai iliyopita, katikati ya baridi ya huku kusini mwa dunia, nilipofuata suruali niliyompa ashone. Nilimkuta amekumbatia birika lililofungwa kitenge, vidole vimelala juu yake. Nje jua linawaka. Suruali haijaguswa.

"Nisamehe, nimekuchelewesha. Nangoja mikono iamke."

Yeye ndiye aliyeomba msamaha. Nikamweleza yote, hata ile bei ya nyumba mbili. Nikatoka nje, nikahesabu paneli: kumi na mbili. Nikarudia: kumi na mbili. Upande wote wa kaskazini wa paa, ambao huku ndio unaopigwa na jua, nilikuwa nimeujaza.

Nikarudi ndani. "Fundi anaweza kulihamishia tangi kwenye umeme wa mchana. Kazi ndogo, Mama, na bei..."

"Mimi niliomba nini?"

"Mirija."

"Basi toa paneli nne, uweke mirija."

"Itakuwa kwa gharama yangu."

"Najua. Na fundi akitaja bei, usicheke."

Fundi alikuja Alhamisi. Alipotaja bei alinitazama, akingoja kicheko. Nikalipa.