Adero na Farasi Mzee

Sella alikuwa amechoka kuulizwa kama mtoto wake ni bubu. Adero alikuwa na miaka minne na hakuwa ametamka neno. Akitaka kitu alimvuta mkono, akikasirika alijigonga kichwa ukutani. Hospitalini waliambiwa masikio ya mtoto hayana tatizo. Shule ya chekechea kule Kianda ilimrudisha nyumbani, na mtaani kwao Mashimoni majirani wakanong'ona kwamba alirogwa tumboni. Baba yake aliyasikia hayo, akaenda zake Siaya, akazima simu.

Mama mmoja wa kanisani ndiye aliyemwambia kuhusu Rachael, mwalimu aliyefundisha watoto kuongea kwa kutumia farasi, kwenye zizi moja karibu na Ngong Road. Sella aliona ni mchezo wa matajiri, lakini hakuwa na pengine pa kwenda.

Rachael alimpandisha Adero juu ya farasi mzee mpole, akashika kamba, akasubiri. Hakumwachia farasi aende mpaka mtoto atoe sauti. Wiki baada ya wiki hakikutoka kitu, na Sella akawa anageuza uso asionekane akilia. Kisha asubuhi moja Adero aliegemea shingo ya mnyama yule, akasema, "Enda."

Farasi akaenda. Baadaye likaja "maji", likaja "nyasi". Nyumbani Adero alinyamaza vilevile, lakini Sella alikuwa ameisikia sauti ya mwanawe.

Mvua kubwa zilipoanza, farasi yule alishikwa na tumbo akafa. Wale wengine walikuwa wakubwa na wakali, na Adero alipiga mayowe kila akiwaona. Rachael akawaomba wasubiri apatikane mwingine mpole. Maneno yote yakapotea, na mtoto akaanza kukataa hata uji. Sella alijikuta akimwomba Mungu awachukue yeye na mtoto wote wawili, kisha akaogopa ombi lake mwenyewe.

Dada yake Phanice, aliyeishi Kawangware, akamkumbusha kwamba huko kuna punda wa kubeba maji. Sella alimbeba Adero mgongoni, akaenda.

Walimkuta punda amekwama kwenye matope na mkokoteni uliojaa mitungi, na mwenyewe, Kagiri, akimcharaza kwa kipande cha mpira wa kupitishia maji. Adero aliponyoka mgongoni, akakimbia akasimama kati yao.

"Wacha," alisema. "Umia."

Kagiri aliushusha ule mpira. "Mama, toa mtoto, atapigwa teke," alisema kwa upole. Lakini Sella hakumtoa. Alikaa chini palepale kwenye matope.

Siku hizi Kagiri humwachia Adero amlishe punda maganda ya kabeji wakati wa kupumzika. Shule bado haijamkubali. Kuna siku anasema maneno mawili, na kuna siku hasemi lolote, nao wanarudi Mashimoni, Sella akiomba tu punda huyo asife.