Ndoo ya Mtindi Kitandani kwa Mama

Julai ya Dodoma haina adabu. Upepo unaingia hata pale ambapo fundi aliapa hakuna upenyo, na mtindi wangu, ambao miezi ya joto huganda wenyewe mezani, ukawa kila asubuhi ni maji matupu.

Mwaka huo mama yangu alikuwa kwangu, Area D, ameletwa kutoka kijijini Haneti kutibiwa magoti. Daktari alitaka abaki mpaka matibabu yaishe. Mama alitaka kuondoka kesho. Kila siku, kesho. Kulala tu, kuletewa chai, kuletewa maji ya kunawa, kwake yalikuwa mateso makubwa kuliko hayo magoti. Asubuhi nilimkuta amejikunja, miguu ya baridi kama sakafu. Nikamnunulia blanketi zito, akalipandisha juu ya kabati. "La wageni hilo." Nikamletea chupa ya maji ya moto, akaniuliza nani kaniambia yeye ni kichanga. Ukaidi wangu nimeurithi kwake, kwa hiyo nilijua nimekutana na mwenyewe.

Jioni moja nilikuwa jikoni nagombana na maziwa. Nilikuwa nimeyachemsha, nimeyaacha yapoe mpaka kidole kivumilie, nimekorogea vijiko viwili vya mtindi uliobaki na kuyafunika kwenye ndoo ndogo. Hotipoti ilishapasuka, nikawa naizungushia ndoo sweta. Mama alikuwa mlangoni, ameegemea fimbo.

"Hapo hayagandi. Lete huku."

Akajilaza, akaikumbatia ndoo tumboni, akavuta kanga. Kisha akanyoosha kidole juu ya kabati.

"Na lile blanketi. Maziwa yanataka joto."

Nikalishusha, nikamfunika. Nilitaka kucheka na kulia kwa pamoja.

"Shikamoo mama," nilimwambia asubuhi.

"Marahaba. Usinitikise."

Mtindi ulikuwa umeganda vizuri, kijiko kinasimama. Nikamgusa miguu kwa kisingizio cha kutandika, ina joto. Habari ya kesho hakuitaja.

Basi nikawa nachemsha maziwa kila jioni. Tulikula mtindi na ugali, tukala na viazi, nikagawia majirani mpaka wakaanza kunikwepa getini. Sikujali. Mama alikuwa na kazi, na kila asubuhi aliikagua ndoo yake kabla hata ya kuniitikia.

Matibabu yalipokaribia kuisha, siku moja muuza maziwa hakutokea. Nilizunguka maduka yote ya jirani, nikarudi mikono mitupu, nikasimama mlangoni kwa mama nikihofia ile kesho yake itarudi. Alikuwa ameshajilaza, ameacha nafasi ya ndoo.

"Leo maziwa hamna, mama."

Akanitazama kidogo, akainua pembe ya blanketi.

"Basi chemsha hata maji, mwanangu. Nitayalinda hayo."