Vipindi vya Fizikia Mwese

Juzi mtoto wa kaka yangu alinijia na swali la fizikia. "Shangazi, hili limenishinda." Baiskeli inashuka mlima, tafuta kasi yake ikifika chini. Nilishika kalamu, na kabla sijaandika chochote nikawa nimerudi kijijini kwetu Mwese, kidato cha pili, mvua inapiga bati mpaka mwalimu anaacha kusema na kubaki anaandika tu ubaoni.

Sijui wewe ulisoma wapi. Sisi sekondari yetu ilikuwa juu kilimani, na maabara hatukuwa nayo. Asubuhi tulifika na kuni kichwani kwa ajili ya jiko la shule, sketi zimelowa umande. Mwalimu wa fizikia alikuwa mmoja tu, kijana aliyetoka mbali. Umeme alitufundishia betri za redio, vipande vya waya na balbu ya tochi. Siku ile balbu ilipowaka darasa zima lilipiga kelele, hata mpishi akaja kuchungulia dirishani, mwiko wa ugali mkononi. Mwendo tulijifunza kwa baiskeli ya jirani kwenye mteremko wa kanisani. Maada tulijifunza kwa sufuria ya maharage inayochemka. "Msiogope swali," alizoea kusema. "Chora kwanza, halafu jiulize nini kinasukuma nini." Nusu ya darasa walitaka kuwa mafundi umeme. Mimi pia.

Masika ya mwaka ule homa ikamshika. Alifundisha akiwa amejifunika koti, kisha akashindwa kuinuka kitandani. Dawa za zahanati hazikumsaidia. Ikabidi apelekwe hospitali ya Mpanda, lakini mto ulikuwa umebeba daraja, na hata pikipiki hazikupita. Gari lingesubiri ng'ambo.

Baba yangu na majirani wakamlaza juu ya kitanda cha kamba, wakakiweka mabegani. Sisi wanafunzi tulifuata nyuma. Mimi nilibeba viatu vyake. Njia ilikuwa tope tupu, na kwenye mteremko mkali wanaume wakaanza kuhema. Mwalimu akafumbua macho.

"Nyie," akasema, sauti imekauka. "Hapa tunashuka. Nani amebeba uzito mkubwa, wa mbele au wa nyuma?"

Baba akacheka. "Mwalimu, pumzika kwanza."

"Waache wajibu."

Tukabishana njia nzima ile. Wengine walisema wa mbele, wengine wa nyuma, mmoja akasema wote sawa. Mimi nilikuwa na waliosema wa mbele, nikaeleza kwa sauti ili anisikie, mikono yangu ikichora hewani na viatu vyake. Nilipomaliza nikamgeukia aniambie kama nimepata. Macho yalikuwa wazi, yanatazama mvua, wala hayapepesi.

Baba alisimama. "Shusheni," akasema taratibu. Wakamweka chini kwenye majani.

Ndugu zake walikuja kumchukua akazikwe kwao. Kaburi lake hatujaliona mpaka leo.

Kipindi cha fizikia kilibaki kwenye ratiba. Kengele ikilia tulikaa, tukatoa vitabu, tukatazama mlango. Baada ya muda tukawa tunapelekwa kupalilia shamba la shule saa ile. Mtihani wa kidato cha nne ulipofika hatukuwa na somo hilo tena.

Miaka imepita. Mafundi wa kuleta umeme Mwese walipofika, walitoka mbali, vijana wenye kofia ngumu na mikanda ya kupandia. Nilikuwa nimeenda kumsalimia mama. Nikawakuta wenzangu wa darasa lile pembeni mwa barabara, wamevua mashati, wanachimba mashimo ya nguzo. Nikawasalimia. Walipomaliza shimo moja, fundi aliwaambia wasogee mbali, mambo ya nyaya hawayajui. Wakasogea.