Tumbo la O

Baba yangu ana kichwa kigumu, mniwie radhi. Miaka thelathini alikata herufi kwenye mabati ya kupulizia rangi makreti ya kiwandani. Kila O aliiachia vijidaraja viwili vya kushikilia tumbo lake, kile kiduara cha katikati. Mteja akitaka herufi zisizo na mapengo, alifoka: "Kakate mwenyewe, uone tumbo litakavyodondoka!"

Siku moja mama, wakati huo karani mgeni wa ghala, alifuata bati la neno MZIGO. Baba akamtazama yeye badala ya patasi, akasahau vijidaraja. Tumbo la O likabingirika hadi miguuni pa mama. Akaliokota, akaondoka nalo.

Mpaka leo baba anaapa hajawahi kuharibu O hata moja. Mama habishani naye. Anatikisa tu funguo zake, na kile kiduara cha bati kinamjibu.