Suruali ya Mwalimu Mapunda Juu ya Boriti

Kuna watu hapa Songea mpaka leo wakikutana nami sokoni hawaniiti Fausta, wananiita Suruali, tena kwa sauti, na mimi naitika, maana nitafanyaje, ukumbi mzima uliona, mgeni rasmi aliona, majaji kutoka Dar waliona, na kwaya ya kigangoni kwetu Maposeni ilikuwa imesimama mbele kabisa, sauti ya kwanza hadi ya nne. Aibu ile ni yangu peke yangu. Ila nikianza kuisimulia najikuta natabasamu kabla sijafika katikati.

Jimnastiki nilianza darasa la tatu kwa mwalimu wetu wa michezo, Mwalimu Mapunda, mtu mnene mwenye kitambi chake, ambaye ukimwona huamini kwamba anaweza kutembea kwa mikono (anaweza, nimemwona, shati likamfunika uso). Magodoro ya mazoezi hatukuwa nayo. Tulikuwa na magunia tuliyoyajaza maganda ya mahindi, yakilowa yananuka wiki nzima, na boriti yetu ilikuwa gogo la mti wa mlingoti ambalo fundi seremala alilipiga randa na kulilaza juu ya matofali. Juu ya gogo lile nilijifunza kusimama, kuruka, kugeuka, mwisho kupinduka, na kila nilipoanguka Mwalimu Mapunda alikuwa na neno moja tu: "Panda."

Mama hakuupenda mchezo huo hata siku moja. Darasa la sita niliteguka mkono, na mama mmoja wa jumuiya akaja kumwambia kwamba binti anayejipindua namna ile anaharibu kizazi. Mama akanikalisha jikoni. "Basi, imetosha. Mimi nataka wajukuu." Nikaitikia. Halafu nikafaulu kwenda sekondari ya bweni mjini, na Mwalimu Mapunda kila Jumamosi alikuwa anakuja mjini kufundisha kikundi cha wanafunzi wa shule mbalimbali, sasa hapo mlitaka nifanye nini?

Likizo ya kwanza mama akaniuliza Jumamosi huwa nafanya nini. Nilikuwa napukuchua mahindi jikoni, hata macho sikuinua, nikasema, "Netiboli, mama." Ndiyo hiyo tu. Netiboli ile ikadumu zaidi ya miaka mitatu. Mama akiuliza mechi ilikuwaje, natunga magoli. Nikawa mfungaji bora, kisha nahodha (nahodha wa kwanza nilimhamishia Mbinga), na mama akatangaza jumuiyani kwamba binti yake ni nahodha. Upande wa pili, Mwalimu Mapunda alipouliza kama nyumbani wameridhia, nikamwambia mama ameridhia kabisa, anakusalimu sana.

Na jamani, nilikuwa naweza. Sisemi kwa majivuno. Au basi, nasema kwa majivuno: kwenye boriti hakukuwa na msichana wa kunisogelea mkoa mzima. Nilipofika kidato cha nne, mwezi wa Juni, wakaja majaji kutoka Dar kuchagua wasichana watatu wa kuingia kambi ya timu ya taifa ya vijana, na Mwalimu Mapunda akatueleza kwamba vyuo vikuu huchukua wanamichezo kutoka kambi ile na kuwasomesha. Wiki ile sikulala vizuri. Mama nilimwambia tuna mechi.

Siku yenyewe nimeshavaa lile vazi la kubana, mikono wazi na miguu wazi, nikachungulia ukumbini nione watu wamejaa kiasi gani. Nikaona vitenge vya kijani, kama sare ya kwaya yetu ya Maposeni. Nikajiambia vitenge vya kijani viko vingi duniani. Kisha mwalimu wa kwaya akainua mikono, wakaanza kumwimbia mgeni rasmi, na katikati ya sauti ya pili alikuwa mama yangu mzazi, kanga begani, mdomo wazi kabisa.

Nikarudisha kichwa haraka. Pembeni yangu alikuwepo Zainabu, mwenzetu wa Namtumbo, amevaa kama anavyovaa siku zote, suruali ndefu ya kubana na mikono mirefu, kwa ruhusa ya majaji. Miaka yote nilikuwa namwona vile, na haikunijia akilini hata mara moja kwamba na mimi ningeweza kuomba. Mimi niliona suruali ya trakisuti ya Mwalimu Mapunda imening'inia kwenye kiti. Nikaivaa juu ya vazi langu, nikafunga kamba mafundo mawili, nikachukua na kofia yake nikaishusha mpaka kwenye nyusi.

"Wewe, hiyo suruali inanitosha mimi," Mwalimu Mapunda akasema.

"Nasikia baridi, mwalimu."

Baridi ya Juni ya Songea mnaijua, hakubisha. Jaji mkuu, mama mmoja mwembamba mwenye miwani, naye akauliza, nikamwambia nina homa. Akaniangalia juu ya miwani, akasema haya, kwa hatari yako, lakini kofia vua. Nikajifanya sijasikia la kofia.

Nilikuwa natumaini mama hatanitambua. Nilimsahau mshereheshaji. "Na sasa, mabibi na mabwana, anapanda binti wetu wa nyumbani, mwenye boriti yake, Fausta Komba wa Maposeni!" Sikugeuka, lakini nilisikia sauti ya pili yote ikinong'ona.

Nikapanda. Mzunguko wa kwanza safi, mruko safi, na nikawa naanza kuamini kwamba Mungu ameniachia. Nikapinduka kwa nyuma, mikono kwenye boriti, miguu juu, na huko juu nikahisi mafundo yangu mawili yanaachia. Nilitua vizuri kabisa, miguu miwili juu ya boriti. Suruali haikutua na mimi, iliendelea mpaka kwenye vifundo vya miguu, na mimi nilikuwa nimeshaanza kupiga hatua. Mtu aliyefungwa miguu juu ya boriti hana pa kwenda ila chini. Nikaenda chini kwa ubavu, nikabiringika kwenye meza ya majaji, chupa za maji zikaruka, karatasi za alama zikaruka, kofia ikaenda kwa mgeni rasmi. Nilipoinua kichwa nilikuwa kifudifudi chini ya meza, na mbele ya macho yangu kulikuwa na pindo la kitenge cha kijani.

"Veve Fausta!" (Mama akianza na Kingoni, ujue hali ni mbaya.)

Mimi na akili yangu ilipofikia, nikasema, "Shikamoo mama."

"Marahaba," akajibu, mdomo ulimtangulia, na ukumbi ukapasuka kwa kicheko mpaka mshereheshaji akaweka kipaza sauti chini. Mama hakucheka. Alinivuta kutoka chini ya meza, akanizungushia kanga yake kuanzia makwapani, akasema, "Hii ndiyo netiboli?" na akaanza kunipeleka mlangoni.

Mwalimu Mapunda akatukimbilia, anahema. "Mama Fausta, samahani sana, amebakiza mchezo mmoja. Wa chini, kwenye magodoro."

"Mwalimu, na wewe ulikuwa unajua?"

"Mimi niliambiwa umeridhia. Na salamu zako nilikuwa nazipata."

Wote wawili wakanigeukia. Pale pale, nimevikwa kanga kama mwali, nikasema kweli yote, tangu yale mahindi mpaka nahodha wa Mbinga. Nililia, sitaki kudanganya tena. Jaji mkuu naye akaja, karatasi zake zimelowa, akasema boriti hairudiwi, alama zake ndizo hizo, na kama naendelea niendelee sasa hivi.

Mama akaniweka kanga sawa. Kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Unaiweza kweli hiyo kazi?"

"Naiweza, mama."

"Kuliko hao wengine?"

"Kuliko hao wengine."

"Na ni lazima mapaja yawe nje?"

Zainabu alikuwa amesogea. "Shikamoo mama. Hapana, si lazima. Mimi hii nimeiombea ruhusa, na nina nyingine kwenye begi." Nilitamani sakafu inimeze.

Nikavaa suruali ya Zainabu. Mama hakurudi kwenye kwaya, alikaa pembeni kabisa ya magodoro, kanga imekunjwa magotini, tayari. Nikaanza. Sijui niwaelezeje. Nilijua kwamba boriti imeshaniangusha na sina cha kutunza, kwa hiyo nilimwaga kila nilichokuwa nacho, nilikimbia, nikapinduka mara tatu mfululizo, nikaenda juu mpaka nikaona mapazia yako chini yangu, na nilipotua mara ya mwisho nilitua kama msumari. Kabla majaji hawajainua kitu, kikapigwa kigelegele kimoja kirefu. Ni mama. Amesimama, kanga ameiinua juu kwa mikono miwili, anawaambia watu wa kwaya, "Mmeona? Mmemwona huyo?"

Walichukuliwa watatu, nami nikawa wa tatu. Zainabu wa kwanza.

Kutoka hapo niliingia kambi ya taifa, nikashindana nje ya nchi mara mbili, na sasa niko chuo kikuu Dar, mwaka wa pili, wananisomesha, na timu yetu ya chuo ndiyo iliyotwaa kombe la vyuo mwaka huu. Mama alisafiri kuja kuangalia, akakaa jukwaani akiwaeleza watu asiowajua kwa nini jaji amekosea.

Kwa mama sidanganyi tena, hata kwa neno dogo la jikoni. Mwezi uliopita nilivunjika kidole cha mguu mazoezini, na nilimpigia simu yeye kabla sijamwambia kocha. Alinifokea dakika kumi nzima. Nilikaa chini, mguu kwenye barafu, nikazisikiliza zote.