Ukuta wa Mama Mkubwa

Fundi cherehani alipougua, wakati ule wa maradhi yaliyofungia watu ndani, mkewe alimhamishia chumba cha nyuma kama walivyoagizwa zahanati. Yeye akabaki chumba cha mbele, anashona barakoa na kununa. Chakula alikiweka kizingitini, anagonga, anarudi nyuma. Kutoka ndani alisikia kikohozi na mkwaruzo wa chaki ukutani.

Sasa, fundi alikuwa mtu wa kuandika vipimo tu. Mke huyu hajawahi kuandikiwa hata "nimetoka kidogo". Leo chaki inakwaruza mchana kutwa, kwa ajili ya nani? Alipomuuliza, fundi alijibu kwamba anazungumza kidogo na Mama Mkubwa.

Mama Mkubwa ndiye mke wa kwanza, marehemu. Hebu mwone mwenzetu: kamlisha mgonjwa, kamfulia shuka za jasho, roho iko juu, halafu barua zinakwenda kaburini. Wivu ulimpanda hata akakosea pindo, akafumua, akakosea tena. Mke mwenza aliye hai atakukosea siku moja, nawe upate la kusema. Marehemu hakosei. Siku ya harusi wambeya walisema jino la pembe si dawa ya pengo, naye akawacheka. Sasa alianza kuwaamini.

Fundi alipopona akatoka uani kuota jua. Mkewe akaingia na ndoo na tambara, kakusudia kufuta yote. Ukuta ulijaa chaki ya bluu, na kila mstari ulianza na jina lile lile. Roho ilimuuma, lakini alisoma.

"Mama Mkubwa, leo pumzi ni fupi. Naogopa."

"Mama Mkubwa, uji wa leo hauna sukari. Naye anaogopa, ila hasemi."

"Mama Mkubwa, nakusihi, usiniite bado. Wewe uliondoka unajua nakupenda. Huyu sijamwambia."

Aliketi kitandani akalia. Kisha akalowesha tambara, akafuta "Mama Mkubwa" kila lilipoandikwa, mengine akayaacha. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: alifuta taratibu, kwa adabu.

Fundi akasimama mlangoni, akauliza mbona kafuta jina tu.

"Mwenzangu ameshasoma," mkewe alisema. "Hayo yaliyobaki niambie mimi."

Fundi akapapasa mfukoni akitafuta chaki.

"Kwa mdomo, bwana."