Treni Ilipofutwa, Posa Ikaenda kwa Basi

Mwanangu, jana nilikusikia upande wa pili wa ukuta. Ujumbe uliingia kwenye simu yako kwamba treni uliyokatia tiketi mapema imefutwa, nawe, taulo likiwa bado begani hapa Gongo la Mboto, ukawaambia wanaokungoja Dodoma, "Nishapita Morogoro." Nilicheka, kisha nikakuonea huruma, maana aibu hiyo naijua. Ilinirudisha kwenye siku ya posa yangu.

Nilikuwa karani mdogo, nimempenda Yunis, binti wa Dodoma. Baba yake, mtu asiye na mzaha, aliwaita ndugu zake waache mashamba waje Jumamosi kumsikiliza mshenga wangu. Tulikuwa tumeshaahirisha mara moja kwa sababu ya msiba, naye akasema safari hii tusipotokea, basi tena. Mshenga alikuwa Mzee Nasoro, mwenye duka mtaani kwetu, mtu wa maneno machache.

Unajua kwa desturi yetu muoaji haendi kujiposea mwenyewe. Mie nikang'ang'ania, ati niwe karibu, tena na wajomba zangu wawili. Tulifika stesheni tumependeza, vitenge vya mama mkwe vimekunjwa vizuri begini, ndipo tukatangaziwa kuwa treni haiendi, mvua imeharibu reli huko mbele. Nilimwona Yunis anaolewa na mwingine hivi hivi.

Nikataka tuwahi simu, tuwaambie wakwe tumeshaondoka, ila tumekwama Morogoro. Niliona kukwama njiani kuna heshima kuliko kuwa bado Dar. Mzee Nasoro akanishika mkono.

"Ukisema upo njiani, watatuma mtu stesheni kukupokea," alisema. "Atashuka nani?"

Nikaachana na simu. Watu walikuwa wanagomba, wengine wanaondoka zao na tiketi mfukoni, wamesusa. Mzee Nasoro akaenda dirisha la tiketi, akamsalimia karani, akauliza taratibu: nauli inarudishwa? Tukitaka treni nyingine tunahamishiwa? Mwisho lini? Akajibiwa kwamba tuchague, kurudishiwa nauli yote au kungoja treni itakayofuata, ila siku yake haijulikani. Akanigeukia.

"Kesho ni nani lazima afike?"

Nikasema sisi sote. Akatikisa kichwa. "Lazima ifike posa. Wewe si posa."

Iliniuma, mwanangu, lakini ndiyo ilikuwa kweli. Tukarudishiwa sote nauli zetu. Akapiga simu kwa ami yake Yunis, akamweleza kwamba treni imefutwa, hatujatoka Dar, na kwamba yeye peke yake atapanda basi la alfajiri, wazee wasikae mapema. Kesho yake akaondoka na vitenge. Mie nikabaki dukani kwake nauza sukari, nimechanganyikiwa, wateja wananirudishia chenji niliyozidisha.

Aliporudi alinikuta mlangoni. Nikamwamkia, nikampokea begi. Akaniambia posa imepokewa. Baba yake Yunis alisema kwamba wakwe wengi wamemweleza wapo njiani, akawangoja hadi chakula kikapoa, na hao wa Dar walikuwa wa kwanza kumwambia hawajatoka.

Siku hizi tiketi ipo kwenye simu, lakini kazi ni ile ile. Treni ikifutwa usisuse, wala usikimbilie kukata tiketi nyingine kwa hasira. Uliza kwanza haki yako, kama ni nauli kurudi au safari kusogezwa, na mwisho wa kudai ni lini. Kisha jiulize kinachotakiwa kufika ni nini hasa, ndipo uamue kungoja, kupanda basi, au kumtuma mwenzako. Na wanaokungoja waambie ulipo, hata kama upo kitandani. Wapigie tena leo, mwanangu. Watacheka kidogo, yataisha.

Yunis ndiye huyo anayekuletea chai asubuhi. Mpaka leo akinipigia kuuliza nimefika wapi, nikamwambia nashuka Gongo la Mboto, hapo hapo anabandika maji ya ugali. Haulizi mara ya pili. Nakuombea kwa Mungu nawe upate mtu wa kukubandikia maji kwa neno lako tu, na kila uendako ufike salama.